Viti Nje ya Nyumba

Siku viti vilipotoka nje ya nyumba ya Mama Odile, Kapata nzima ilijua kwamba kuna mtu amekufa, isipokuwa Mama Odile mwenyewe.

Tusiwalaumu watu wa Kapata. Kwao, kama kwa mji wote wa Kolwezi hapa Kongo, msiba huonekana kwenye viti kabla haujasikika kwenye sauti. Mtu akifa, makochi, meza na kabati hutolewa sebuleni. Akina mama hukaa chini pamoja na mfiwa, na wanaume hukaa uani kwenye viti vilevile vilivyotolewa. Kwa hiyo mpita njia akiona makochi ya watu yanapigwa na jua asubuhi, haulizi mara mbili. Mwanamume huvua kofia. Mwanamke hukaza kitenge kiunoni na kuingia akilia.

Ndivyo alivyoingia Mama Mujinga, jirani wa pembeni, mikono kichwani, machozi tayari.

"Yoo, Mama Rachelle! Ni nani alikufa? Juu ya nini hamukutuita?"

Odile, ambaye majirani walimwita kwa jina la binti yake, alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu, ufagio mkononi. "Hakuna mutu alikufa, Mama Mujinga. Ni huyu mutoto, eko natengeneza nyumba."

"Kutengeneza nyumba, bintu byote bitoke inje?" Mujinga alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akazitazama kuta. Zilikuwa zimeshaanza kupakwa rangi nyeupe, nyeupe kama shuka la hospitali. "Mama, munacheza. Lufu ikipita mu barabara na kuona viti inje, itafikiri iliitwa."

Alisema neno hilo la kifo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la mdai wake. Odile alicheka, maana ilibidi acheke, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mume wake Kazadi alikuwa kazini, mbali, kwenye mgodi, na simu yake haikuwa ikipatikana tangu Jumapili.

Mwenye makosa, kama tunatafuta mwenye makosa, alikuwa Rachelle. Binti huyu wa pekee alikuwa amesomea mapambo ya nyumba Lubumbashi, na sasa aliwapambia nyumba mainjinia wa mjini na wake zao. Alihitaji nyumba moja ya kupiga picha, ionekane ilivyokuwa na ilivyogeuka, watu waone kazi yake. Akaichagua ya mama yake. Nani angemkatalia? Kazadi mwenyewe, aliporudi likizo, alileta makopo ya rangi nyeupe na mbao nyembamba za sakafu, zile za kupachikana, zenye rangi ya mkate usioiva vizuri, akaziweka mbele ya binti yake kama bwana harusi anayeleta mahari. Odile alishangaa kidogo, kwa sababu Kazadi, fundi wa pampu za mgodini, hakuwa mtu wa kuleta zawadi kubwa hivyo. Lakini mshangao wa mke anayependezwa hauna maisha marefu.

"Inaitwa style scandinave, ya kule Ulaya ya baridi, mama," Rachelle alieleza. "Kule kwabo jua ni kidogo. Njo maana banatia blanc, rangi nyeupe, fasi yote, na bintu kidogo, mwangaza ikuwe na njia."

"Siye jua tuko nayo ya kuzidi," Odile alimjibu. "Njo maana nashona rideaux."

Na kweli alikuwa mshonaji wa mapazia, tena si wa kubahatisha. Kuanzia Kapata mpaka Dilala, ukiona dirisha limevaa pazia la tabaka tatu, lenye marinda juu na kishada pembeni kama kofia ya askofu, hilo limepita mikononi mwake. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo. Baba yake aliletwa kutoka Kasai na kampuni ya madini, akapewa nyumba moja katika mstari wa nyumba zinazofanana kama mbegu za mahindi: vyumba viwili, sebule, na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta mpaka ikarudisha uso wa mtu. Mama yake alijifunza cherehani kwenye foyer social, ambako kampuni iliwafundisha wake wa wafanyakazi, kisha akamfundisha yeye. Kampuni ilipoishiwa nguvu, wazee waliachiwa nyumba. Baba alipokuwa anakata roho hakuwa na kingine cha kurithisha. Alimshika Odile mkono akamwambia, nyumba isikutoke. Basi isikutoke hiyo ndiyo iliyokuwa Injili yake ya pili.

Sebule ya Odile ilikuwa imejaa kama ghala la Mungu. Makochi ya mahameli, mazulia mawili, moja juu ya jingine, kabati la vioo lenye bilauri zisizonywewa, maua ya plastiki, saa ya ukutani yenye bikira Maria. Rachelle alitoa vyote, akaviweka uani chini ya turubai. Akapaka chokaa na rangi, akapachika mbao juu ya saruji nyekundu ya babu yake, akaacha benchi moja jembamba, taa moja ya kamba, na jani moja kwenye chupa. Cherehani ya kukanyaga aliiacha kwenye kona, kwa sababu wageni wake wangeiona kuwa nzuri. Odile alikaa kwenye benchi, akatazama huku na huku kutafuta mahali pa kuweka macho, akakosa. Na vumbi jekundu la Kolwezi lilikuwa limekaa mlangoni linaingojea nyumba nyeupe kwa subira kubwa.

Hapo ndipo alipoanza kusikia.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, Rachelle ameenda mjini. Odile alikuwa akishona pazia jipya la kitani, jepesi, lisilo na marinda, la aibu kabisa. Alikuwa akikanyaga cherehani, tiki-tiki-tiki, na kupitia nyayo zake akahisi kitu kingine. Ko. Ko. Ko. Kilitoka chini. Alisimamisha mguu. Kile kitu kikagonga mara moja zaidi, kisha kikanyamaza.

Alikanyaga tena. Ko. Ko. Aliacha. Kimya.

Kitu kinachogonga peke yake unaweza kukisingizia panya. Lakini hiki kilimsubiri. Akishona kinagonga, akiacha kinaacha, kama mtu anayemfuata barabarani na kusimama kila anaposimama. Alitoka nje bila viatu, akaenda kukaa kwenye moja ya makochi yake chini ya turubai, mikono katikati ya mapaja. Wapita njia wawili walimpa pole. Hakuwa na nguvu ya kuwakatalia.

"Nyumba tupu inalia, mama," Rachelle alimwambia aliporudi. "Ni echo. Umezoea mazulia."

"Echo inasikia kama naacha kushona?"

Rachelle alicheka, akambusu kwenye paji la uso. Watoto tuliowasomesha wana dawa ya kila kitu, na dawa yenyewe ni kucheka.

Siku iliyofuata sauti ilirudi. Na siku iliyofuata hiyo ukatokea ufa. Kwenye ukuta wa zamani wenye rangi ya maziwa yaliyochacha na picha za ubatizo, ufa ule usingeonekana hata na mwenye miwani. Kwenye ukuta mweupe ulionekana kama unywele kwenye sahani ya bukari, ugali wetu. Ulianzia sakafuni, ukapanda ukipinda. Rachelle aliuziba, akaupaka rangi. Kesho yake ulikuwa umerudi, umefika usawa wa bega.

Odile alizunguka nyuma kwa Kabeya. Kabeya alikuwa jirani wa barabara ya pili, uani kwake kumegusana na uani kwa Odile, na kwa miezi kadhaa sasa alikuwa amezungushia sehemu ya uani turubai la rangi ya chungwa. Alimpokea kwa meno yote.

"Ni choo, mama. Nachimba choo ya batu ba kupanga. Mutusamehe kelele."

Choo. Odile aliona mifuko imepangwa kwenye kivuli, na alitaka kuuliza ni choo gani kinachotoa mifuko mingi hivyo. Sote tunajua Kolwezi ina nini chini yake: shaba, na kobalti, yale mawe meusi yenye bei. Tunajua mitaa ambayo watu walichimba vyumbani mwao mpaka vitanda vikaingia shimoni. Lakini hayo ni mambo ya mitaa mingine, si ya Kapata, na Kabeya ni mtu wa kanisani. Aliaga, akarudi. Ulimi wake ulikuwa umefungwa na adabu, na adabu wakati mwingine ni adui.

Mama Mujinga ndiye aliyekuwa na jibu, na lilikuwa jibu ambalo Odile alikuwa tayari nalo moyoni. "Ulitosha viti inje, ukapaka nyumba rangi ya sanda. Sasa lufu ilikuya kuuliza: mutu mwenye mulinitayarishia eko wapi? Inagonga, mama. Inabisha hodi. Rudisha viti!"

Odile alijaribu tena simu ya Kazadi. Mwanamke yule wa mtandao alimwambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Mtu huyo hapatikani. Alisikiliza maneno hayo mara tatu, na kila mara yalikuwa na maana mbaya zaidi. Usingizi ulimtoroka. Chakula kikawa mchanga. Kazadi alikuwa akienda kazini wiki mbili na kurudi nyumbani wiki moja, ndivyo alivyoishi miaka na miaka, na hakuwahi kukaa siku zote hizo bila kumuuliza kama amekula. Odile alimwomba binti yake warudishe viti. Rachelle akasema, mama, wateja wanakuja kesho kuona, kesho tu, kesho kutwa nitarudisha hata saa ya bikira Maria.

Kesho ikafika. Rachelle alitoka mapema kwa motó, pikipiki ya abiria, kwenda kuwapokea wateja wake mjini. Lilibaki pindo moja la pazia. Odile alikaa kwenye cherehani akijiambia kwamba atashona bila kusikiliza, atashona kama kiziwi. Akakanyaga. Ko. Ko. Ko. Leo ilikuwa karibu, karibu mno. Sindano yenyewe ilitetemeka. Ufa ulikuwa umefika kwenye dari.

Alisimamisha mguu ghafla, akajilaza kifudifudi juu ya zile mbao za kigeni, akaweka sikio.

Kimya. Halafu, chini ya mbao, chini ya saruji ya baba yake, mtu akakohoa. Vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu, na mguno mwishoni.

Odile alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho tangu alipokuwa msichana. Angekitambua sokoni, angekitambua ndotoni. Kilikuwa cha Kazadi.

Mtu mwingine angefikiria nini? Niambieni. Nyumba imevaa sanda, viti viko nje, simu haipatikani, na sauti ya mume wako inatoka ardhini. Odile hakufikiria chochote. Aliinuka magotini na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Kazadi weee! Yoo, Kazadi wangu! Bananiulia bwana!"

Kilio hakihitaji tangazo. Mujinga alifika kabla pumzi ya pili haijaisha, na nyuma yake wakaja Mama Agnès, Mama Ngeleka na wengine, wakivua ndala mlangoni. Hawakuuliza. Walikuwa wanaungojea msiba huu tangu viti vilipotoka, na sasa umefika, na nyumba ilikuwa tayari kuliko nyumba yoyote ya kilio waliyowahi kuingia. Walikaa chini, miguu imenyooshwa, wakijaza sakafu ukuta hadi ukuta. Mmoja alianza wimbo wa Kiluba wa kuwasindikiza wafu, wengine wakaupokea, wakapiga viganja kwenye mbao. Chini yao kitu kikajibu kwa mlio mrefu, lakini nani asikilize sakafu wakati wa kilio? Uani wanaume walikuwa wameshaondoa turubai na kukaa kwenye makochi ya mahameli.

Katikati ya wimbo huo mlango wa jikoni ukasukumwa.

Aliyesimama pale alikuwa na rangi ya udongo kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Taa ilikuwa bado inawaka kwenye paji lake, mchana kweupe. Alikuwa anahema. Macho yake yaliruka juu ya vichwa vya wanawake, yakamtafuta mmoja, yakampata.

"Odile! Nilisikia kilio. Ni nani alikufa? Ni Rachelle? Ni nani alikufa?"

Wimbo ulikatika. Mama Ngeleka alijifunika uso kwa kitenge.

"Ni weye," Odile akasema.

Odile aliitazama taa ile. Akautazama udongo: haukuwa vumbi jekundu la barabarani, ulikuwa ule mweusi, mzito, wenye kung'aa, ambao Kolwezi yote inaujua na bei yake. Akatazama nyayo alizoacha Kazadi kwenye mbao nyeupe, zinazotoka upande wa nyuma, upande wa Kabeya. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndipo hofu yake ya siku zote hizo ilipogeuka, ikawa hofu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu hii ilikuwa na uzito: chini ya sakafu palikuwa patupu, na juu yake walikaa wanawake wote wa mtaa wake.

"Mutoke!" alipiga kelele. "Mutoke mu nyumba yangu! Bote! Sasa!"

Aliwashika mikono, aliwavuta vitenge, alimsukuma Mama Agnès mgongoni kama gunia. Walitoka bila ndala. Kazadi alimbeba bibi kizee mmoja aliyekuwa bado anaimba. Odile alitoka wa mwisho, akageuka mlangoni akiwaza kuhusu cherehani ya mama yake, akaiona inainama taratibu, kwa heshima, kama mtu anayepiga goti kanisani. Kisha sakafu ikafunguka. Ukuta mweupe ulikatika pale ufa ulipoonyesha, bati likalia, na vumbi likapanda likawafunika wote, wafiwa na marehemu wao.

Lilipotulia, sebule haikuwepo. Kulikuwa na shimo, na juu yake taa moja ya kamba inabembea.

Walikaa kwenye viti. Wangekaa wapi? Makochi, kabati la vioo, saa ya bikira Maria, vyote vilikuwa uani, vizima, havina hata alama. Odile alikaa kando ya mume wake. Kabeya, aliyemvuta Kazadi kwa kamba kutoka shimoni, alikuwa ameshapanda motó na kupotea.

"Balitufukuza ku kazi tangu mu kipwa," Kazadi alisema, akimaanisha kiangazi kilichopita. Aliongea akitazama mikono yake. "Nilipata haya. Nikasema, nitaenda wiki mbili na kurudi, kama zamani. Nilikuwa nalala kwa Kabeya. Simu nilizima, usisikie ikilia nyuma ya ukuta."

Nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Akila chakula cha Kabeya huku harufu ya sombe, kisamvu cha mkewe, ikivuka ukuta. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi, ilikuwa upana wa uani mmoja. Na zile mbao, na ile rangi nyeupe, vilinunuliwa na kilichotolewa chini ya miguu yao.

"Chini haukujua njia," Odile alisema. Alikuwa anamwombea, anampa mlango wa kutokea. "Chini ni giza. Haukujua kama ni nyumba yetu."

Kazadi angeweza kuupita mlango ule.

"Nilisikia mashini yako," akasema. "Kama unashona, nachimba, usinisikie. Kama unaacha, naacha. Nilijua, Odile. Nilisema, bado kidogo tu."

Odile hakumpiga wala hakulia. Kilio chake alikuwa amekimaliza, tena kwa ajili ya huyuhuyu. Nyumba isikutoke. Miguu yake yeye, ikikanyaga cherehani, ndiyo iliyokuwa ikificha sauti ya nyumba kumtoka. Alisikia baridi juani, na akagundua kwamba bado anaogopa, kwamba hofu haikuporomoka pamoja na nyumba.

"Kabeya eko na shimo ngapi?" aliuliza.

Kazadi aliinua kichwa. Alitazama nyumba ya Mujinga, kisha ya Mama Agnès, kisha ile inayofuata, akaendelea hivyo polepole mpaka mwisho wa mstari, kama mtu anayejaribu kukumbuka njia za chini. Wanawake walimtazama akitazama.

Mujinga ndiye aliyesimama kwanza. Alikwenda kwake, na baada ya kitambo akatokea mlangoni kinyumenyume, akiburuta kochi. Mama Agnès akaenda kwake. Rachelle alipofika na wateja wake kwenye kona ya barabara, mstari mzima wa Kapata ulikuwa unatoa viti nje, na hakuna aliyekuwa analia.